Ripoti ishirini sio kura ishirini jamani

Imekuja tena ile ile. "Tumemripoti watu zaidi ya ishirini mbona hamumfungii, si mseme tu ni mshkaji wenu." Mimi ni modereta, yaani msimamizi wa jamii ya mtandaoni, na supoti, kujibu wanaoomba msaada, nimeangukiwa nayo kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka hiyo kazi, na hii sentensi nimeisoma mpaka naiota. Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki naenda zangu kulala.

Ripoti ni kengele. Posti ikiripotiwa na watu ishirini, kwenye foleni yangu inaingia posti moja yenye namba 20 pembeni, na hiyo namba ikisaidia sana inaipandisha juu niione mapema. Nikifungua naangalia kilichoandikwa, kanuni inasemaje, na mhusika ana maonyo gani nyuma. Kama hakuna kanuni iliyovunjwa basi hakuna, hata mngekuwa elfu. Tena ripoti zikimiminika zote ndani ya dakika chache mimi nawageukia nyie kwanza, maana mara nyingi kuna kagrupu pembeni mtu katupa linki na "mripotini huyu". Kuna boti, programu zinazojiendesha zenyewe, AutoModerator ya Reddit mojawapo, unaweza kuiseti iondoe posti yenyewe ripoti zikifika idadi fulani, na wajanja wakishajua hiyo idadi ndo silaha yao, wanaoumia ni wale wenye maoni yasiyopendwa.

Halafu "yeye katukana kapewa onyo, mimi nimetukana nimefungiwa wiki". Ndiyo, kwa sababu yeye lilikuwa la kwanza na wewe umeshaonywa, na siwezi kukuonyesha faili lake kama nisivyomwonyesha yeye la kwako. Posti yake bado ipo unaiona, unaamua hajafanywa kitu, kumbe kazimiwa kuandika na wewe huwezi kujua.

Sasa hapa ndo penye utata wenyewe na ndo panaponiudhi, kwa sababu nyie wa "mshkaji wenu" mna hoja, ushahidi tu ndo mnaleta wa ajabu. Mtu niliyepiga naye stori miaka akiandika neno kali mimi nasikia utani, mgeni akiandika neno lile lile nasikia tusi. Tunaita hiyo "kuangalia muktadha", na kwa kweli sijui inaishia wapi busara na unaanzia wapi upendeleo. Ukificha majina wakati wa kuhukumu unapoteza historia, usipoficha unabeba urafiki. Wikipedia wana kanuni kwamba mkabidhi (msimamizi wa huko) aliyehusika kwenye ugomvi asitumie mamlaka yake kwenye ugomvi huo huo, kanuni nzuri sana, ila nenda kaitekeleze kwenye jamii ndogo ambayo moderetaz wote wapo kwenye chati kila siku na kila ugomvi wamechangia neno. Kwa hiyo ukitaka kunikamata nipo na marafiki usilete idadi ya ripoti, leta posti mbili zinazofanana zilizohukumiwa tofauti. Hiyo nitaitolea jasho.

Kuhusu supoti haraka haraka. Ile meseji ya "tumepokea ombi lako" ni ya mashine, usiijibu kwa hasira. Usifungue tiketi tano, yaani maombi matano, za jambo moja. Na kuna mifumo inapanga foleni kwa kuanza na tiketi ambayo haijaguswa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kila "haloo??" unayoongeza inakurudisha nyuma.

Ila ukimya kwa mtu aliyefungiwa siutetei. Santa Clara Principles za 2018, kanuni za watetezi wa haki za mtandaoni kuhusu kufuta posti na kufungia watu, zilishasema: toa takwimu, mjulishe mtu, mpe rufaa. Umoja wa Ulaya wameweka kwenye sheria yao ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024: unapewa sababu ya kufungiwa, una angalau miezi sita ya kulalamika, na uamuzi wa lalamiko usifanywe na mashine peke yake. Kampuni ndogo zimesamehewa baadhi ya hayo, ila sioni kwa nini jamii ndogo isifanye kwa hiari. Shadowban kwa mfano, mtu anaandika kutwa na hakuna anayemwona, kwa boti za spamu sawa, kwa binadamu mimi naita woga. Wenzangu wanasema ukimpa mtu sababu kamili unamfundisha kukwepa. Wengine kweli wanakwepa, nimewaona. Bado natoa kifungu na sentensi yenyewe iliyomponza, sina njia nyingine iliyo bora.

Rufaa andika moja, weka linki na sio skrinishoti uliyoikata, sema ni wapi tumesoma vibaya. Isomwe na modereta tofauti na aliyekufungia. Kama aliyekufungia ndo huyo huyo anayeamua rufaa yako, hapo lalamika, hata uwe peke yako.