Kwa gari la umeme, kurudi Nairobi ni mbali kuliko kwenda Mombasa

Kila anayekuja karakanani akiwa na nia ya kununua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani huniuliza swali moja: “Fundi, hii itanifikisha Mombasa?” Itakufikisha, bora usimame njiani uchaji. Swali ninalotamani aniulize ni la kurudi.

Aliyezoea petroli halioni hilo. Barabara ni ileile, kilomita 480 na ushei, na lita chache zinazozidi wakati wa kupanda hakuna anayezihesabu. Gari la umeme lina akiba ndogo, kwa hiyo kila mlima unaonekana kwenye dashibodi. Leaf yenye betri ya uniti 40 (ndizo uniti hizi hizi za umeme tunazonunua kwa tokeni), ikiwa mpya, inakupa kama 36 za kutumia. Sasa tazama: uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na Leaf yenye watu na mizigo ina uzito wa kilo 1,900 hivi. Kuupandisha uzito huo kutoka baharini hadi pale kunakula zaidi ya uniti 8, kabla hujahesabu upepo, matairi wala kiyoyozi. Hiyo ni karibu robo ya betri. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kukurudishia sehemu ya nguvu hiyo. Mimi hukadiria theluthi mbili, tena dereva akiwa mpole wa breki.

Chukua kipande cha Nairobi hadi Mtito Andei, kama kilomita 235. Kwa mwendo wa 80, Leaf hula takriban uniti 15 kwa kila kilomita 100 za tambarare, yaani 35 kwa kipande chote. Ukishuka, mteremko unakurudishia 3 hivi, na unaingia Mtito ukiwa umetumia 32. Ni finyu, lakini umefika. Ukirudi, ongeza karibu 5 za kupanda mita 900 zilizo kati ya Mtito na Nairobi. Unahitaji 40, na huna 40. Gari litaanza kulalamika ukiwa Salama, na likizima utakuwa Athi River, nyumbani unakuona.

Kwa hiyo anayerudi namwambia aongeze chaji Emali au Sultan Hamud, kabla ya kuushika mlima wa Salama, hata kama ni kwenye soketi ya hoteli wakati anakula. Na asidanganywe na namba ya kilomita zilizobaki. Namba ile, hasa kwenye magari ya zamani, hukisiwa kutokana na ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Ukitoka kwenye tambarare ya Makindu inakusifu tu. Haijui kwamba mbele kuna mlima.

Kitu cha pili ni kasi. Wapo wanaopenda kwenda 110, ila ukizidisha mwendo maradufu, upepo unakukinza mara nne. Leaf inayokula uniti 15 kwa 80 itakula 20 na zaidi kwa 110. Wenye haraka huniambia wanaokoa muda. Pale penye mashine ya kuchaji haraka, sawa, uniti 12 za ziada ni dakika ishirini hivi. Penye soketi ya ukutani, uniti hizo hizo ni saa tano, na umemkuta pale yule uliyempita kwa mbwembwe. Nenda na mwendo wa malori, bila kuwagandia nyuma.

Halafu kuna joto, na hapa sina upole na Leaf. Betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Ukiichaji haraka Voi saa nane mchana, lami inatokota na betri imetoka kufanya kazi, kipimo cha joto kinapanda na gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili lijilinde. Ukichaji haraka mara ya pili siku hiyo hiyo, unaweza kukaa muda mrefu kuliko ulivyopanga. Ondoka alfajiri, si usiku, maana usiku barabara ile ina matrela yasiyo na taa na hakuna uniti inayofaa hatari hiyo. Magari ya sasa yenye betri kubwa zilizo na mfumo wa kuzipoza, mfano BYD Atto 3 ya uniti 60, hayana shida hii. Ila angalia mdomo wa chaja: Leaf hutumia CHAdeMO, mengi ya mapya hutumia CCS2. Piga simu kituoni uulize wana mdomo gani na kama mashine inafanya kazi leo, si wiki iliyopita.

Kabla ya kununua, hesabu vijiti vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Betri nzima ina 12. Cha kwanza kikitoweka, karibu asilimia 15 ya uwezo imeondoka, na hesabu yangu ya Mtito hapo juu inavurugika hata kwa kushuka.

Mjini mambo ni mepesi. Jam ya Waiyaki Way haikuli kitu isipokuwa kiyoyozi na redio. Kilomita 40 kwa siku ni uniti 6, zinajaa kabla ya usiku wa manane. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, 8 kwa saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Wanaoishi Limuru nawapa ushauri wa kinyume: msijaze hadi 100. Asubuhi mnateremka zaidi ya mita 500 kuingia mjini, na betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi, basi mnamaliza pedi za breki bure. Asilimia 85 inatosha.

Kinachonipa kazi nyingi zaidi mjini ni soketi, wala si betri. Plagi ya 13A haikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa saa nane mfululizo kila usiku. Huletwa kwangu ikiwa na pini ya moto iliyogeuka rangi ya kahawia, plastiki kuizunguka imelainika na kuacha alama ya kidole. Mwite fundi wa stima avute waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, milimita 6 kama ule wa jiko, na breka yake. Na apime athi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba nyingi za kupanga hazina athi ya kweli, na kebo nzuri ya kuchaji ikikosa athi inawasha taa nyekundu na kugoma. Zungumza na mwenye nyumba kabla hujalipia gari.