Stabilaiza haiongezi mshiko, inaugawa tu

Chungulia nyuma ya matairi ya mbele ya IST, Noah au Harrier utaona fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa umbo la U. Katikati imeshikwa na bushi mbili za mpira, na kila ncha imeungwa kwenye shokapu au mkono wa chini kwa linki fupi. Hiyo ndiyo stabilaiza. Matairi yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo inazunguka ndani ya bushi bila kupinga chochote. Gari likikata kona, upande wa nje unabonyea na wa ndani unainuka: ncha moja inapanda, nyingine inashuka, chuma kinajisokota. Nguvu ya kukataa kusokotwa ndiyo inayozuia gari lisilale.

Hadi hapo wengi tunakubaliana. Ugomvi wangu ni na wanaosema stabilaiza nene inaongeza mshiko, yaani jinsi matairi yanavyong'ang'ania barabara. Chukua gari la kilo 1,200, kitovu chake cha uzito kiwe sentimita 50 kutoka ardhini, na matairi ya kushoto na kulia yaachane sentimita 150. Likipita kona kwa nguvu ya kando iliyo nusu ya uzito wake, uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje ni 1,200 × 0.5 × 50 ÷ 150, yaani kilo 200. Unene wa stabilaiza haumo kwenye hesabu hiyo. Funga nene, funga nyembamba, kilo hizo zitahama karibu zilezile.

Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Tuseme mbele zilikuwa zinahama kilo 110 na nyuma 90; ukikaza stabilaiza ya mbele, mbele zinaweza kuwa 130 na nyuma 70. Sasa, tairi ukilizidishia mzigo mara mbili halikupi mshiko mara mbili. Linatoa pungufu ya hapo. Tairi la nje linapata kidogo, la ndani linapoteza zaidi, na jumla ya mshiko wa ekseli hiyo inashuka. Kwa hiyo ukinenepesha mbele, mbele ndiyo itaachia kwanza: unakata usukani, gari linaendelea kunyoosha kuelekea nje ya kona. Ukinenepesha nyuma, mbele inauma vizuri zaidi, lakini nyuma ndiyo inayokuwa na haraka ya kuchomoka.

Viwanda hupendelea mbele iachie kwanza, na wana haki. Dereva wa kawaida akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta, na gari la namna hiyo hurudi kwenye mstari. Gari lenye stabilaiza nene ya nyuma likifanyiwa hivyo katikati ya kona, barabara ikiwa na maji, linaweza kugeuka likatazama lilikotoka.

Anayebadilisha unene apime kwa venia (kipimo cha unene) kwanza, kwa sababu ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Kutoka milimita 22 kwenda 24 macho hayaoni tofauti, ila ugumu umepanda takriban asilimia 42. Kwa hesabu hiyohiyo, bomba la milimita 24 lenye ukuta wa milimita 4 linabaki na asilimia 80 ya ugumu wa fimbo iliyojaa, huku uzito wake ukiwa zaidi kidogo ya nusu. Stabilaiza zenye matundu mawili au matatu kwenye ncha ni za kurekebisha: linki ukiifunga tundu la karibu na mkunjo, mkono unafupika na ugumu unaongezeka.

Kwenye barabara mbovu kila ugumu una gharama. Tairi moja likitumbukia shimoni, fimbo inalivuta na la pili, na gari linatikisika kushoto kulia. Porini ni zaidi, tairi linaweza kuning'inia hewani. Ndiyo sababu Jeep Wrangler Rubicon ina swichi ya kuachanisha stabilaiza ya mbele, na Land Cruiser 200 zenye KDSS, mfumo wa Toyota wa kudhibiti stabilaiza, zinatumia silinda za haidroliki kuilegeza njia inapokuwa ya mawe.

Mlio wa ko-ko-ko kwenye vimatuta, mwendo ukiwa mdogo, mara nyingi ni linki au bushi. Kabla ya kununua shokapu, acha gari likae kwa matairi yake, shika fimbo karibu na linki uitikise kwa nguvu. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, umepata mkosaji. Wakati wa kufungua, inua pande zote mbili kwa usawa uweke stendi. Ukipiga jeki upande mmoja fimbo inakuwa imesokotwa na boliti haitoki. Nati ikizunguka na linki nzima, zuia katikati kwa ufunguo wa pembe sita (Allen). Kwenye Corolla nyingi nati ya linki hukazwa Nm (nyutoni-mita) 74, lakini angalia kitabu cha gari lako. Bushi ilingane na fimbo: ya milimita 22 kwenye fimbo ya 20 itagonga siku ileile. Mpira usipakwe grisi ya kawaida, unavimba na kuoza. Bushi za polyurethane zipake grisi ya silikoni.

Kuna mafundi wanaotoa linki moja ili mlio uishe. Hapo stabilaiza haifanyi kazi tena hata kidogo, maana ncha moja haina cha kushika, na fimbo iliyobaki inaning'inia jirani na bomba la breki. Afadhali kelele.

Gari lililoinuliwa kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya springi) linahitaji linki ndefu zaidi, la sivyo mikono ya fimbo inaning'inia kwa pembe mbaya na boljointi za linki zinakufa mapema. Linki za kurekebisha zikazwe mwisho, gari likiwa chini, sehemu tambarare, dereva akiwa ndani, ili fimbo isibaki imesokotwa. Halafu inua gari, matairi yaning'inie, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uangalie kama fimbo inagusa shafti au bomba la breki.