Je, wajua siri ya mwendokasi iko mlangoni?

Jina linadanganya kidogo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza safari mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, hayakimbii kuliko daladala iliyopata barabara tupu. Ubavu wake ni kutopoteza muda yanaposimama.

Tupige hesabu. Njia moja ya barabara ya mjini yenye mataa hupitisha kwa makadirio magari 800 hadi 1,000 kwa saa. Mengi yana dereva peke yake, kwa hiyo watu hawazidi sana 1,500. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba watu 150 hivi. Likipita moja kila dakika mbili, hao ni watu 4,500 kwa saa, sawa na njia tatu za magari madogo.

Hesabu hiyo huvunjikia kituoni. Daladala ina mlango mmoja, ngazi, nauli ya mkononi na chenji isiyopatikana. Kila abiria akitumia sekunde tatu kupanda, watu 30 ni dakika moja na nusu. Kwa mwendokasi, nauli humalizwa getini, jukwaa liko usawa wa sakafu ya basi, na milango mipana kadhaa hufunguka upande wa kulia kwa kuwa kituo kiko katikati ya barabara. Watu wale wale 30 wanaweza kuingia kwa sekunde 15. Lakini dereva akisimama mbali na jukwaa, mwenye mtoto mgongoni husita, na wa kiti cha magurudumu hapiti kabisa.

Na kwa nini usubiri nusu saa, halafu yaje matatu yamefuatana? Si lazima uwe uzembe. Basi likichelewa kidogo, kituo kinachofuata kinazidi kujaa. Kuwapakia watu hao kunalichelewesha tena. La nyuma yake linakuta wachache, linapakia upesi, linalifikia. Dawa ni kulishikilia hilo la nyuma kituoni dakika moja au mbili, ingawa waliomo watanuna.

Ratiba haiwezi kuziba uhaba wa mabasi, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Mzunguko wa kwenda na kurudi ukiwa dakika 120, basi kila dakika mbili maana yake mabasi 60 barabarani, na mengine sita hivi ya akiba kwa ajili ya matengenezo. Yakibaki mazima 30, nafasi kati ya basi na basi inakuwa dakika nne na kila basi linakuta watu maradufu. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, njia inakatika, na hata hayo yaliyopo hubaki pande mbili zisizoweza kusaidiana.