Msiifomati: hizo barua haziko mtandaoni

“Wewe fomati tu, imeli zangu ziko mtandaoni.” Anayesema hivi kompyuta ya ofisi imemfia, diski bado nzima, naye anataka itiwe Windows mpya leo leo ahamie mashine nyingine. Fundi naye ana haraka zake, anafomati. Jioni mteja anafungua Outlook mpya, ile programu ya barua, anaweka anwani na nenosiri, zinashuka barua za wiki mbili. Za miaka minane nyuma hakuna. Hazikupotea mtandaoni. Hazikuwa zikikaa huko.

Naliandika hili mara moja, kwa urefu, ili nikiambiwa tena nitume kiungo niendelee na bisibisi.

Gmail unayoifungua kwenye brauza iko mtandaoni, sina ubishi. Lakini ofisi nyingi za kuondosha mizigo bandarini Mombasa, kuanzia Moi Avenue mpaka Shimanzi, zina anwani ya jina la kampuni, imewekwa kwa hosti ya bei nafuu yenye nafasi finyu, na Outlook ikaunganishwa kwa POP3, njia moja ya kuchukua barua kwenye seva. POP3 ni tarishi anayekwenda kufungua sanduku la posta: anazoa barua zote, anazileta nyumbani, sanduku linabaki tupu. Outlook za zamani zilikuja hivyo zenyewe, zikishapakua seva inafuta. Tangu Outlook 2010 mpangilio wa awali ni kuacha nakala kwenye seva siku 14, halafu nazo zinafutwa. Hizo siku 14 ndizo zinazoleta balaa. Mtu anaingia kwenye tovuti ya imeli, anaona ukurasa umejaa barua, anasema “si hizi hapa, zote zipo!” Hebu shuka mpaka chini, mzee. Barua ya mwisho ni ya tarehe ngapi?

Haya, tuseme kijisanduku cha kuacha nakala kiliwekwa alama na seva haifuti chochote. Bado kuna barua ulizotuma. POP3 haijui kitu kinachoitwa Sent Items, kazi yake ni kushusha zinazoingia. Kila ulichoandika wewe, kotesheni, maelekezo kwa mteja wa Kampala, ile barua uliyomwonya mwenye kontena kwamba siku za bure zinakwisha na demareji inaanza, iko kwenye diski ile peke yake. Ikija kesi, inayokuokoa ni barua uliyotuma, si uliyopokea. Na Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo usiniambie za zamani hazina kazi.

IMAP, njia ya pili, ni kinyume chake. Mali iko kwenye seva, kompyuta inashika kivuli tu. Ikiwa ni IMAP na akaunti ingali hai, fomati, mimi sina neno. Lakini ikiwa hosti haikulipiwa, au mtu alifuta barua kwenye seva apate nafasi, kile kivuli ndiyo mali iliyobaki, na hapo ndipo watu wanakiua kwa mikono yao. Wanaiwasha programu ya zamani ikiwa na intaneti. Programu inaiuliza seva, seva inajibu haina kitu, nayo kwa utiifu wake inafuta za kwenye kompyuta ili pande mbili zilingane. Basi chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na ufungue nakala, si ile ya asili.

Usimuulize mteja kama alikuwa na POP au IMAP. Hajui, na si kazi yake kujua. Angalia mafaili. Thunderbird, programu nyingine ya barua, ni rahisi: ndani ya folda ya profaili, POP iko kwenye Mail na IMAP kwenye ImapMail. Outlook ina ujanja zaidi. Faili la .ost ni kivuli, la .pst kwa kawaida ndiyo mali. Nasema kwa kawaida kwa sababu Outlook 2010 na zilizoitangulia ziliweka hata IMAP ndani ya .pst. Halafu kuna archive.pst: Outlook za zamani zilikuwa zinahamisha barua kongwe zikaingia humo bila mtu kutambua, kwa hiyo hata mwenye Exchange ya kulipia, seva ya barua ya Microsoft, anaweza kuwa na miaka yake ya mwanzo kwenye diski tu. Siliamini jina la faili. Natazama ukubwa, na tarehe ya barua kongwe.

Sasa diski yenyewe. Kompyuta kufa na diski kufa ni mambo mawili. Madabodi ikiungua, paua saplai ikilipuka, skrini ikivunjika, diski haina habari. Itoe, ichomeke kwa adapta ya USB kwenye mashine nyingine. Ya inchi 2.5 inatosheka na volti 5 za USB. Ya inchi 3.5 inataka na volti 12, lazima adapta iwe na paua yake. Watu wanaichomeka kwa waya mtupu, haizunguki, wanatangaza msiba. Za zamani za IDE zina pini 40, za laptopu 44. Za M.2 zinafanana kwa macho, lakini ziko za SATA na za NVMe, na kasha la SATA halisomi NVMe: nyingi za SATA zina mikato miwili kwenye meno yake, nyingi za NVMe mmoja. Laptopu za bei rahisi zenye hifadhi iliyolehemewa kwenye bodi ni shari nyingine, hapo hamna cha kuchomoa.

Kwetu pwani ongeza chumvi. Diski iliyokaa miaka kwenye ofisi yenye dirisha kuelekea Kilindini huota weusi kwenye vile vidoa vya shaba chini ya bodi yake, pale bodi inapogusana na pini za vichwa vya kusomea na mota. Fungua skrubu za nyota, mara nyingi T6, inua bodi taratibu, sugua vidoa kwa ufutio mweupe, pangusa kwa alkoholi ya isopropili, subiri ikauke, rudisha. Dakika kumi. Nashangaa ni wangapi wanairuka hatua hii na kukimbilia maneno makubwa.

Ikiwa diski ya 3.5 iko kimya kabisa baada ya umeme kurudi kwa kishindo, tafuta diodi ya kinga, aina ya TVS, karibu na meno ya paua. Kazi yake ni kufa badala ya wengine. Ipime kwa mita: ikisoma karibu ohm sifuri pande zote mbili, imeshoti. Ukiing’oa, diski mara nyingi inaamka, ila sasa haina ngao, kwa hiyo tumia paua unayoiamini, toa data, basi. Kuazima bodi ya diski nyingine ya modeli ile ile kulifaa zamani. Siku hizi bodi ina chipu ya ROM ya miguu minane yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, isipohamishwa kwa kulehemu bodi ya kuazima ni pambo.

Na ikipiga tik, tik, tik, zima. Hivyo ni vichwa. Usiifungue, usiigonge, na tafadhali usiitie kwenye friza. Kwa unyevu wa Mombasa, ukiitoa friza inatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo linaingia mpaka kwenye sahani ambazo vichwa vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba safi, na bei yake inauma.

Vitabu vinasema nakili diski nzima kwanza ndipo uguse kitu. Nakubali, nusu. Kwa diski inayosoma vizuri nafanya hivyo, kwa Linux: lsblk kuhakikisha ni ipi, kisha

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

na mwisho mzunguko wa pili kwa sehemu ngumu, -r3 badala ya -n, kwa faili lile lile la map ili iendelee pale ilipoachia. Lakini diski ya terabaiti 1 iliyochoka, namba 197 ya SMART, hesabu ya sehemu zinazokataa kusomeka, inapanda huku naiangalia, na ninachotaka ni .pst ya gigabaiti 6? Hapo huifungua kwa kusoma tu, navuta .pst kwanza, halafu ndiyo nanakili iliyobaki. Sina hakika kama ni sawa kila mara. Ikifa katikati, huwezi kurudi nyuma ujaribu njia ya pili uone.

Ukiichomeka kwenye Windows itakuuliza maswali. “Diski hii inahitaji kufomatiwa”: hapana. “Tuichunguze na kuirekebisha?”: hapana, kwa sababu chkdsk, programu ya Windows ya kazi hiyo, inarekebisha mpangilio wa diski, haijali barua zako, na kwenye diski mbovu inaweza kukuachia folda ya found.000 yenye vipande visivyo na jina. “Huna ruhusa ya folda hii”: hiyo si kosa, ni umiliki wa Windows ya zamani tu, kubali kuendelea. Ikidai ufunguo wa BitLocker, tafuta zile tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila hizo hakuna fundi, na anayekwambia anaweza anataka pesa yako.

Barua hazikai kwenye Documents, ama tuseme hazikai huko sana. Wengi wanakopi Desktop, Documents na picha za harusi, wanaridhika. Kwa Windows za tangu Vista tazama Users, jina la mtu, AppData\Local\Microsoft\Outlook, na AppData imefichwa, lazima uwashe kuonyesha vilivyofichwa. Outlook 2010 na kuendelea nyingine ziko Documents\Outlook Files. Thunderbird iko AppData\Roaming. Kwenye XP ni Documents and Settings, jina, Local Settings\Application Data. Outlook Express iko humo humo chini ya Identities, mafaili ya .dbx, moja kwa kila folda. Kwa uvivu, tafuta diski nzima *.pst, *.ost, *.dbx, lakini utazikosa za Thunderbird maana faili lake linaitwa Inbox tu, halina mkia. Lenye mkia wa .msf ni faharasa, halina barua, wengi wanakopi hilo kwa sababu linaonekana la maana.

.pst isiyofunguka, itazame kwa hex, yaani baiti zake mbichi: lazima ianze na !BDN. Baiti ya kumi, ukihesabu kutoka sifuri, ikiwa 14 au 15 kwa desimali ni muundo wa kale wenye ukomo wa gigabaiti 2, na ikiwa imegota hapo ndiyo sababu imekataa. Ikiwa 23 ni muundo mpya. Endesha scanpst, programu ya Microsoft ya kutengeneza .pst, juu ya nakala, zaidi ya mara moja, mpaka isiseme kosa; na ujue kwamba inatupa isichokielewa, kwa hiyo wakati mwingine readpst ya Linux inatoa barua nyingi kutoka kwenye faili bovu kuliko lile “lililotengenezwa”. Nenosiri la .pst halifichi kitu, kilichohifadhiwa ni CRC yake tu, namba fupi ya kulihakiki. Na usitafute jina la mteja wako kwa grep, amri ya kutafuta maneno, ndani ya .pst ukasema halimo. Outlook kwa kawaida hubadilisha baiti kwa jedwali, maneno hayasomeki hivi hivi. Watu wametupa mafaili mazima kwa sababu hiyo.

Kwenye Thunderbird mambo ni wazi zaidi. Barua iliyofutwa hubaki ndani ya Inbox mpaka folda ibanwe (Compact). Fungua nakala kwa kihariri cha maandishi, tafuta X-Mozilla-Status: 0009, geuza iwe 0001, futa .msf, ifungue upya. Imerudi.

Na kama diski imeshafomatiwa? Ikiwa ni SSD, ile isiyozunguka, na TRIM, amri inayoiambia diski ifute kabisa vilivyoachwa, ilikuwa imewashwa, pole. Ikiwa ya kuzunguka na hakijaandikwa kitu juu yake, programu inayosoma mabaki ya NTFS ina nafasi nzuri. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, inalijua faili la .pst, lakini faili lililokua kidogo kidogo kwa miaka minane limetawanyika diski nzima, na PhotoRec hukuletea kichwa bila mwili. Ikiwa Windows mpya imeshakaa juu, vitu vilivyoandikwa juu yake havirudi.

Ukishahamisha kwenye mashine mpya, mkalishe mwenyewe. Afungue Sent Items, aende mwaka wa kwanza kabisa, achague barua yenye kiambatisho, afungue kiambatisho chenyewe. Kisha moja ya katikati, kisha ya mwezi wa mwisho kabla mashine haijafa. Zikifunguka zote tatu, na nakala ya pili iko kwenye diski nyingine, sasa mwambie aseme tena lile neno lake la kufomati.