Je, wajua? Leseni ikifungiwa, bima ya gari inabaki na nguvu gani?

Dereva wa Dar es Salaam aliyefungiwa leseni kwa miezi kadhaa hubaki na gari lake nyumbani, tuseme Tabata au Mbezi, likiwa na bima aliyoilipia mwaka mzima. Akiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, ataona kwamba bima hiyo ingali hai, na hapo ndipo wengi hujiaminisha kwamba wakiendesha kidogo tu, hadi dukani na kurudi, bima itawabeba. Imani hiyo ni ya hatari mno.

Leseni ni ruhusa ambayo serikali humpa mtu, na mahakama inaweza kuiondoa kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Bima ni mkataba kati ya mwenye gari na kampuni, unaohusu chombo fulani kwa muda fulani. Kwa hiyo kufungiwa leseni peke yake hakuvunji mkataba wa bima. Gari lenye bima kubwa, yaani ile inayolipia pia hasara ya gari lenyewe, likiibwa uani usiku, au likiungua likiwa limeegeshwa, leseni iliyofungiwa si sababu ya kukataa dai, maana mwenye leseni hiyo hakuwa kwenye usukani. Vilevile mke wako, mwanao au dereva uliyemwajiri akiliendesha kwa idhini yako, akiwa na leseni halali ya daraja linalohusika, kinga huendelea kama kawaida, isipokuwa mkataba wako uwe umetaja madereva maalumu.

Mambo hubadilika pale aliyefungiwa anapowasha gari mwenyewe. Mikataba mingi ya bima ya magari ina kifungu cha dereva, ambacho watu hukipita bila kukisoma kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na herufi ndogo. Maana yake ni kwamba kinga ipo endapo anayeendesha anaruhusiwa na sheria kuendesha gari la aina hiyo, au aliwahi kuruhusiwa na hajazuiwa kwa amri ya mahakama au kwa sheria yoyote. Maneno haya ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Mtu ambaye leseni yake imeisha muda na akasahau kuihuisha aliwahi kuruhusiwa na hajazuiwa na yeyote, hivyo chini ya kifungu cha namna hiyo ana hoja ya kudai, ingawa trafiki anaweza kumtoza faini. Aliyefungiwa hana hoja hiyo, kwa kuwa amezuiwa, na kifungu kimemtaja waziwazi.

Ukweli huo hujitokeza siku ya kujaza fomu ya madai. Fomu huuliza jina la aliyekuwa akiendesha, namba ya leseni yake, daraja na tarehe ya mwisho, kisha huambatanishwa nakala ya leseni na ripoti ya polisi. Kampuni ikigundua kwamba leseni ilikuwa imefungiwa siku ya ajali, gharama za kulitengeneza gari zitabaki kwa mwenyewe, hata kama alilipa bima kubwa bila kuchelewa miaka yote.

Ninayemwonea uchungu zaidi ni aliyegongwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari linalotembea barabarani kuwa walau na bima ya mtu wa tatu, ile bima ndogo, ili anayeumia au familia ya anayefariki isiachwe mikono mitupu. Pale sheria inapoilazimisha kampuni kulipa hukumu ya mahakama, kampuni hugeuka na kumdai mteja wake fedha hizo. Na pale isipolazimika, majeruhi hubaki kumfuata dereva na mwenye gari, ambao huenda hawana hata kiwanja cha kuuza.

Wenye daladala wanahusika pia. Dereva wako akichoka mchana na kumkabidhi gari deiwaka, yaani dereva wa kumshikia kwa muda, bila kukuambia, huna hakika kama mtu huyo ana leseni, kama imefungiwa, au kama ni ya daraja D wakati gari la abiria linahitaji daraja C. Kuruhusu gari lako liendeshwe na asiye na leseni halali ni kosa kisheria, kwa hiyo ni vyema ukatae deiwaka yeyote ambaye hujaiona leseni yake.

Aliyefungiwa asikimbilie kufuta bima, kwani ataondoa kinga ya wizi na moto wakati gari limelala nyumbani. Akabidhi ufunguo kwa mwenye leseni, na siku ya kuhuisha bima, fomu ikiuliza kama dereva amewahi kufungiwa leseni, aandike ndiyo. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mteja, na jibu la uongo kwenye fomu hiyo linaweza kuipa kampuni haki ya kuubatilisha mkataba wote, hata kwa ajali itakayotokea baada ya leseni kurudishwa.