Je, kompyuta hupangaje namba bila kuziona zote kwa pamoja?

Mwonyeshe dalali wa Uyole, Mbeya, magunia matano ya viazi, atakuonyesha lumbesa kabla hujamaliza kuuliza lipi zito. Wengi hudhani kompyuta nayo hufanya hivyo: inaitupia jicho orodha nzima, inachomoa ndogo kuliko zote, kisha inayofuata. Jicho hilo haina. Prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, pamoja na kasi yake yote, hapa inauliza swali moja tu: kati ya hizi mbili, ipi kubwa? Zipo prosesa zinazolinganisha jozi kadhaa kwa mpigo, lakini ni jozi vilevile. Hata kuijua ndogo kuliko zote, lazima ziulizwe zote.

Sasa tuseme mizani ya dalali imeharibika, amebaki na ubao juu ya gogo. Unaonyesha upande uliolemewa, basi. Magunia yamepangwa hivi, kwa kilo asizozijua: 105, 131, 92, 118, 87. Anataka jepesi litangulie.

Njia mojawapo ya kompyuta, iitwayo kuchomeka, huanzia kushoto. La 131 linapimwa na la 105, linabaki lilipo. La 92 linatolewa pembeni na kupimwa na la 131, ambalo linasogea kulia. Kisha na la 105, nalo linasogea. La 92 linakaa mbele. La 118 linalisogeza la 131, likikuta la 105 linakoma hapo. Halihitaji kupimwa na la 92, maana walio kushoto wameshapangwa, na hapo ndipo ujanja wote ulipo. La 87, maskini, linapita mbele ya wote wanne. Jumla, vipimo 9.

Magunia hayo yangekuja yamepangwa tayari, vingetosha 4. Yangekuja kinyume kabisa, 10. Kwa namba 1,000 pengo linatisha: vipimo 999 zikiwa zimepangwa, 499,500 zikiwa kinyume.

Kwa hesabu hiyo, njia hii ingeonekana ya darasani tu. Lakini kwa vipande vifupi haina gharama nyingi za maandalizi, ndiyo maana Timsort, njia ya kupanga aliyoibuni Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python, lugha ya kuandikia programu, hupanga vipande vidogo kwa kuchomeka, kisha ndipo huviunganisha.