Jinsi Seli ya Mmea Inavyomtambua Bakteria

Mmea hauna damu, wala hauna seli maalumu zinazozunguka mwilini kuwasaka wavamizi, hivyo kila seli hulazimika kujilinda yenyewe. Kazi hiyo huanzia kwenye utando wa seli, ambako kuna protini ziitwazo vipokezi, zenye sehemu inayojitokeza nje kunasa ishara na nyingine iliyobaki ndani kuipokea.

Kipokezi kinachofahamika zaidi ni FLS2, ambacho jeni lake lilitambuliwa mwaka 2000 katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali na kabichi. FLS2 hakimtambui bakteria mzima. Hunasa kipande chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 22 tu cha flajelini, protini inayojenga mkia ambao bakteria huutumia kuogelea. Kipande hicho ni vigumu kukibadilisha, kwa kuwa bakteria akikibadilisha ovyo hupoteza uwezo wa kuogelea.

Hata hivyo, kipande hicho hakikai wazi. Kimefichwa ndani ya mkia, na katika bakteria wengi mkia wenyewe umefunikwa kwa sukari. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, hutoa nje ya seli zake kimeng'enya kiitwacho BGAL1, ambacho huondoa sehemu ya sukari hiyo na kuwezesha vipande vya flajelini kuachiliwa. Baadhi ya bakteria wa kundi la Pseudomonas hukikwepa kimeng'enya hicho kwa kubadilisha sukari za mkia wao.

Kipande kikinaswa, FLS2 huungana mara moja na protini nyingine, BAK1. Ndani ya dakika chache kalsiamu huingia kwenye seli, haidrojeni peroksaidi huzalishwa nje ya utando, na jeni nyingi za kinga huanza kufanya kazi. Saa kadhaa baadaye ukuta wa seli huimarishwa kwa kalosi, kemikali iliyojengwa kwa mnyororo wa sukari. Stomata, matundu madogo ya jani ambayo bakteria huyatumia kama mlango, nazo hufungwa. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae ana jibu lake: hutoa sumu iitwayo koronatini, ambayo huzifungua tena.

Bakteria wa mnyauko wa nyanya, Ralstonia solanacearum, ni mjanja zaidi, kwani kipande chake cha flajelini kimebadilika kiasi kwamba FLS2 ya nyanya haikinasi. Mkulima huona mmea ukinyauka ungali wa kijani. Akikata shina na kulining'iniza katika glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa huanza kushuka kutoka kwenye mkato, nao ni bakteria wenyewe.

Arabidopsis ina kipokezi kingine, EFR, kinachopatikana katika jamii ya kabichi pekee, ambacho hutambua protini EF-Tu. Kwa kawaida protini hiyo hufanya kazi ndani ya bakteria, lakini mmea hufanikiwa kuinasa. Mwaka 2010 jeni la EFR liliingizwa kwenye nyanya, zikapata ukinzani dhidi ya Ralstonia ambao kiasili hazikuwa nao, na baadaye majaribio ya mashambani huko Florida, Marekani, yalionyesha kwamba nyanya hizo zilinyauka kidogo kuliko zile zisizo na jeni hilo.